Kabla ya kuanza kusoma misingi ya biashara kwa Kiingereza: mambo ya kuzingatia kwa mtu mzima wa Lubumbashi

Watu wazima wengi wa Lubumbashi wanaoamua kusoma misingi ya biashara kwa Kiingereza hawaingii darasani mikono mitupu. Mama anayeuza unga katika soko la komini ya Kenya, fundi anayekodisha jenereta huko Ruashi, karani wa kampuni inayosafirisha shaba hadi bandari ya Dar es Salaam au Durban, wote wamekuwa wakipanga bei, wakikopesha, wakidai na kula hasara kwa miaka mingi. Wanachokosa ni utaratibu wa kuyaweka hayo katika maandishi, tena kwa lugha ambayo wengi waliipata kwa saa chache tu za sekondari, kwa kuwa masomo yao mengine yote yalikuwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kutafuta kozi au kulipa ada, ni kujua kinachokukwaza hasa ni kipi, hesabu za biashara au Kiingereza chenyewe, kwa sababu dawa ya moja haitibu nyingine.

Kujipima si kazi kubwa. Chukua daftari na uandike kwa Kiswahili hesabu ya mwezi mmoja wa biashara unayoifahamu. Tuseme mtu ananunua mfuko wa unga wa kilo 25 kwa dola 15, usafiri kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ukiwa umo ndani, anauuza kwa dola 18, na kila mwezi analipa dola 300 za pango la depo na mlinzi. Kila mfuko unamwachia dola 3, hivyo ni lazima auze mifuko 100 ili arudishe zile gharama za mwezi, na faida yake inaanza kwenye mfuko wa 101. Akiuza mifuko 140, daftari litaonyesha faida ya dola 120. Lakini kama mifuko 50 kati ya hiyo ameitoa kwa deni, fedha zilizoingia mkononi ni dola 1,620, na zilizotoka ni dola 2,400, yaani mwezi umekwisha akiwa na faida kwenye karatasi na pengo la dola 780 kwenye kasha. Ukiweza kumweleza jirani jambo hili mpaka akalielewa, basi umekwisha kushika sura mbili ngumu za kitabu chochote cha utangulizi, ile ya kiwango cha mauzo kinachorudisha gharama na ile ya tofauti kati ya faida na fedha taslimu, na kilichobaki ni kujifunza zinavyoitwa kwa Kiingereza. Usipoweza, ni afadhali uanze na hesabu hizi kwa Kiswahili au Kifaransa kwa wiki chache, kwa kuwa kujifunza wazo geni kwa lugha ngeni ni kubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja.

Jambo la pili ni namna ya kuandika tarakimu, ambalo walimu wa lugha hulipita haraka mno kwa maoni yangu, ilhali ndilo linaloweza kuleta hasara ya fedha halisi. Kwa Kifaransa mkato hutenga sehemu za desimali. Kwa Kiingereza kazi hiyo hufanywa na nukta, na mkato hutenga maelfu. Ankara ya Kiingereza inayoandika 9,500 inadai elfu tisa na mia tano, na inayoandika 9.500 inadai tisa na nusu. Aliyezoea ankara za Kifaransa anaweza kusoma kinyume chake kabisa. Vivyo hivyo, kinachoitwa milyari kwa Kifaransa, yaani milioni elfu moja, Waingereza na Wamarekani hukiita “billion”, wakati neno hilo hilo likiandikwa kwa Kifaransa huwa na maana ya milioni milioni moja. Tarehe nazo zina mtego wake: 03/04 kwa Mwingereza ni tarehe tatu mwezi wa nne, na kwa Mmarekani ni tarehe nne mwezi wa tatu, kwa hiyo katika barua ya biashara ni salama kuandika jina la mwezi kwa herufi. Na kwa kuwa tunaishi katika mji wa shaba, jua pia kwamba soko la metali la London hutaja bei kwa tani, ilhali soko la New York huitaja kwa ratili, na tani moja ina ratili zipatazo 2,205.

Kifaransa chako kitakusaidia sana, kwani maneno mengi ya biashara ya Kiingereza yana asili moja nacho. Hata hivyo tayarisha ukurasa wa maneno yanayofanana kwa sura bila kufanana kwa maana. “Benefit” si faida ya mauzo, faida hiyo ni “profit”. “Society” si kampuni. “Actually” si sasa hivi, bali ni kwa kweli. Na “eventually” haina maana ya pengine, ina maana ya hatimaye. Zaidi ya hayo, Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakubaliani: “stock” kwa Mwingereza mara nyingi ni bidhaa zilizomo ghalani, na kwa Mmarekani ni hisa za kampuni, naye bidhaa za ghalani huziita “inventory”. Chagua mapema utafuata vitabu vya nchi ipi, na ushikamane navyo mpaka umalize kozi ya kwanza.

Sheria na uhasibu vinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na kwa hiyo biashara zetu hufuata mpango wake wa hesabu, SYSCOHADA, ambamo kila akaunti ina namba yake, gharama za kawaida zikiwa katika daraja la 6 na mapato ya kawaida katika daraja la 7. Vitabu vya Kimarekani havina mpango wa namba wa taifa zima. Kila kampuni hujipangia orodha yake, jambo ambalo humshangaza mhasibu aliyesomea hapa. Aina za kampuni zinazotajwa humo si SARL yetu, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, na kodi ya mauzo ya Marekani, ambayo kila jimbo hujiamulia, si TVA yetu, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Kanuni ya kuandika kila jambo mara mbili, debiti kushoto na krediti kulia, ni ile ile kila mahali, kwa hiyo msingi unabaki imara. Unachotakiwa kufanya ni kusoma sura za sheria na kodi ili uelewe lugha yake, kisha umwulize mhasibu wa hapa kabla ya kutumia lolote dukani kwako.

Kuhusu kiwango cha Kiingereza, sidhani kwamba ni lazima usubiri mpaka uzungumze kwa ufasaha. Pakua sura ya kwanza ya kitabu cha bure, mathalani utangulizi wa biashara unaotolewa na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, na uisome kwa nusu saa. Ukipata hoja ya kila aya hata kama maneno kadhaa yamekupita, anza. Ukikwama katika kila mstari, jipe kwanza miezi michache ya lugha tu. Madereva na wateja kutoka Zambia watakuzoeza kusikia na kupatana bei, lakini Kiingereza cha Kasumbalesa hakitoshi kusomea mkataba.

Umeme na intaneti visikukute hujajiandaa: pakua vitabu na video wakati umeme upo na bando ni nafuu, uvihifadhi katika simu. Kama kozi ina mwalimu wa moja kwa moja aliyeko Uingereza, kumbuka kwamba sisi tuko mbele yao kwa saa mbili wakati wa majira yao ya baridi, na kwa saa moja wakati wa majira yao ya joto.

Mwisho ni malipo na cheti. Majukwaa mengi ya kimataifa ya kozi za mtandaoni hudai kadi ya benki na hayapokei fedha za simu, kwa hiyo ulizia benki yako kuhusu kadi ya malipo ya awali, uweke humo kiasi cha ada tu. Mengine hutoa siku chache za majaribio ya bure kisha huanza kukata fedha bila kuuliza tena. Andika tarehe ya kusitisha siku ile ile unayojiandikisha. Na kama shabaha yako ni ajira katika kampuni ya mgodi, nenda kaulize ofisi ya wafanyakazi ni cheti kipi wanachokitambua kabla hujakilipia, maana wengine hujali zaidi kama unaweza kuandika ripoti ya ukurasa mmoja mbele yao.