Pima baridi ya Nyandarua kabla hujalipa shamba

Mimi ni fundi wa friji, kibanda changu kiko Kariobangi, kwa hivyo baridi ndiyo inayonilisha. Wazo la shamba lilinijia Aprili 2020, Nairobi ilipofungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Nilikaa mtaani Umoja nikihesabu pakiti za unga, mfereji nao unatoa maji siku mbili kwa wiki. Sehemu ya maji ya jiji hutoka bwawa la Sasumua, kule juu Njabini, kaunti ya Nyandarua. Nikasema basi, niyafuate huko huko.

Kosa la kwanza nililifanya mwaka uliofuata. Dalali alinionyesha shamba Kinangop mwezi wa Februari, saa sita mchana, jua limewaka. Tambarare kama meza. Nilitoa shilingi 30,000 za kushikilia. Aprili nikarudi na mke wangu, tukakuta bata wawili wanaogelea pale nilipopanga kuweka jikoni. Udongo wa sehemu nyingi za uwanda ule una tabaka gumu la mfinyanzi chini yake, mvua ikishuka maji hayana pa kwenda. Pesa yangu haikurudi. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi, nenda mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo. Chimba shimo la kina cha magoti, kanywe chai, urudi uone limejaa kiasi gani. Siku hiyo hiyo utajua kama matatu inafika au ni kutembea na viatu mkononi.

Sasa baridi yenyewe. Ukitoka Nairobi unashika barabara ya Nakuru hadi Fly Over, unakata kulia kwenda Njabini. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kinangop inazunguka mita 2,500. Kwa mwinuko huo tu ushapoteza nyuzi tano hivi kabla hujashuka kwenye gari. Watu wa jiji tunaogopa Julai. Julai ni mawingu na manyunyu, utatetemeka, lakini viazi havifi. Mwezi wa kuogopa ni Januari: mchana jua kali, usiku anga jeupe kwa nyota, hakuna wingu wala upepo. Joto la ardhi linapanda likapotea, alfajiri nyasi zimevaa sakitu, ule umande ulioganda. Jua likichomoza, majani ya viazi yanalegea, yanakuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji moto.

Nilipokwenda kuangalia shamba jingine, shosho aliyenipa pa kulala aliniuliza nimebeba nini kwenye gunia. Nikamwonyesha sufuria tatu na vipimajoto vyangu vya friji.

"Mwanangu, umekuja kupika nje?"

"Nimekuja kupima baridi, shosho."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaninong'oneza kwamba shamba lile la chini, viazi viliungua Januari mbili mfululizo. Hilo dalali hakulitaja.

Jioni nilijaza maji sufuria zote. Moja nikaiweka bondeni kando ya kijito, moja katikati, moja juu mteremkoni. Saa kumi na moja alfajiri nikatoka na tochi. Ya bondeni ilikuwa na barafu nene kama kioo cha dirisha, nikaigonga kwa ukucha ikalia. Ya katikati ilikuwa na utando pembeni tu. Ya juu, maji matupu. Hatua mia mbili kati ya ya kwanza na ya mwisho!

Mimi sikushangaa sana. Friji ya kulala ukiifungua kifuniko, baridi haitoki, kwa maana hewa baridi ni nzito na hukaa chini. Ya kusimama, ukifungua mlango tu inakumwagikia miguuni. Bonde ni friji ya kulala. Kwa hivyo nyumba na viazi viende mteremkoni, bondeni acha majani ya ng'ombe. Kipimajoto nacho kilaze kwenye nyasi. Ukikitundika usawa wa kifua kitakwambia nyuzi tatu na huku chini maji yameganda.

Chakula, tusidanganyane. Viazi, kabichi, karoti, minji na maziwa utapata mpaka ugawie majirani. Mahindi ni hadithi nyingine: kwa baridi ile yanakaa shambani miezi tisa na zaidi, na sakitu ikiyapata umepoteza mwaka. Mimi nauza viazi nanunua mahindi ya Kitale. Kwangu tuko watano, gunia la kilo 90 linaisha kama miezi miwili na nusu, nawe piga hesabu yako. Na usitegemee viazi aina ya Shangi kama akiba. Inakomaa upesi, miezi mitatu, lakini stoo nayo inaota macho upesi vilevile.

Maji ya paa ni hesabu ya darasa la tano. Paa la mita 10 kwa 8, kila milimita ya mvua ni lita 80. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,600. Ondoa zinazomwagika, bakiza 1,300. Tangi la lita 10,000 linajaa kwa mvua nane za namna hiyo. Usinunue tangi kubwa kuliko paa lako.

Kuni uziulizie bei mapema, maana huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na githeri inakula kuni bila huruma. Sufuria ya presha inajilipa. Na jiko la makaa, hata usiku uwe mkali namna gani, usililaze chumbani umefunga dirisha. Ile hewa ya sumu haina harufu, na watu hawaamki.

Makaratasi: fanya searchi ofisi ya ardhi mwenyewe, usiletewe na dalali. Mashamba mengi kule yaligawanywa kwenye skimu za makazi za miaka ya 1960, kwa hivyo hakikisha hakuna deni la zamani la skimu. Idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, bila hiyo ununuzi ni batili. Mke au mume wa muuzaji naye aweke sahihi.

Nilichukua ekari moja, ile ya juu. Dalali wangu wa kwanza amenipigia juzi, ana lingine zuri, tambarare, nije Jumamosi kabla halijachukuliwa. Nimemwambia nitakuja Aprili.