Somo: Kuongeza nguvu ya kibadilisha joto kwa viputo vya hewa

Kibadilisha joto ni chombo chenye pande mbili: joto huhama kutoka upande mmoja hadi wa pili kupitia kuta za mirija, bila vimiminika kuchanganyika. Maji hupitisha joto takribani mara 23 kuliko hewa. Kwa hiyo ondoa wazo kwamba kiputo kinabeba joto. Kazi yake ni kuvuruga. Maji yanayogusa ukuta wa mrija huenda polepole na kuuvika ukuta kama blanketi. Kiputo kinapopanda hulichana tabaka hilo, maji mapya yakaufikia ukuta.

Hatua ya 1. Pima bila hewa. Subiri themometa zitulie, kisha andika joto la kuingia na la kutoka pande zote mbili, pamoja na kiasi cha maji. Mfano: kilo 0.2 za maji kwa sekunde, zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 35, zimepokea 0.2 × 4.18 × 10, yaani kilowati 8.4 hivi (4.18 ni kilojuli za kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja). Bila namba hii, yote yatakayofuata ni kubahatisha.

Hatua ya 2. Chagua upande wenye mtiririko wa polepole. Maji yanayokwenda kasi yameshajivuruga yenyewe, hayatafaidika sana.

Hatua ya 3. Chini kabisa ya upande huo, laza mrija mwembamba wa kutoa hewa wenye matundu ya milimita 1 au pungufu. Kwenye bomba la hewa funga vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye kompresa.

Hatua ya 4. Weka njia ya kutolea hewa juu kabisa. Tafadhali usiiruke hatua hii! Hewa isipotoka hujikusanya juu, mirija ya huko ikakaa hewani, na mtambo ukafanya kazi vibaya kuliko ulivyokuwa. Tena hewa hiyo isifike kwenye mdomo wa pampu.

Hatua ya 5. Fungua hewa kidogo kidogo, ukipima kila mara. Utafika mahali ambapo kinachopanda ni shinikizo tu. Rudi nyuma kidogo, ubaki hapo. Umeme wa kompresa nao uutoe kwenye faida.

Maswali

*Mwalimu, naweza kuutumia mtindo huu wa viputo kwenye mafuta ya moto?*
Hapana, ndugu yangu. Oksijeni huharibu mafuta ya moto, na mvuke wake ukichanganyika na hewa unaweza kulipuka.

*Mirija haitapata kutu?*
Ya chuma cha kawaida itapata, hasa kwenye mzunguko uliofungwa, ambako maji ni yaleyale yanayozunguka: pale oksijeni huisha yenyewe, wewe unairudisha kila dakika. Mimi nisingefanya hivyo kwenye mfumo wa namna hiyo.

*Changu kimesimama wima na maji yanashuka. Nifanyeje?*
Viputo vya milimita chache hupanda kwa sentimita 20 hadi 25 kwa sekunde. Maji yakishuka polepole kuliko hapo, vitarudi juu na kurundikana yanakoingilia. Geuza maji yapande. Ukishageuza, geuza na upande wa pili, ili mikondo iendelee kupishana.