Kabla mwanamke hajaenda kupima moyo

Anza na kadi ya kliniki ya ujauzito, hata kama mtoto mwenyewe sasa yuko sekondari. Mwanamke aliyepandwa na presha akiwa mjamzito, aliyepata kifafa cha mimba au sukari ya mimba, au aliyejifungua njiti, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua moyo miaka ya mbele kuliko mwenzake ambaye mimba zake zilikwenda salama. Presha ikishashuka baada ya kujifungua jambo hilo husahaulika, na chumba cha daktari wa moyo mara nyingi hakuna anayeliuliza. Litaje wewe. Kama kadi imepotea, andika kwenye karatasi: mimba ngapi, ipi ilileta presha, ulijifungua wiki ya ngapi, hedhi ilikoma una umri gani. Kukoma kabla ya miaka 40 kutajwe pia.

Kwa upande wa ukoo, haitoshi kujua nani aliugua moyo. Ulizia alianza akiwa na miaka mingapi. Kinachotia wasiwasi ni baba au kaka kabla ya 55, mama au dada kabla ya 65. "Alianguka ghafla" nayo ni taarifa, iandike.

Beba dawa zote na maboksi yake, pamoja na zile usizozihesabu kuwa dawa: vidonge vya uzazi wa mpango, diklofenaki ya mgongo, mitishamba. Diklofenaki huweza kupandisha presha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni havimfai mwenye presha, wala mvutaji sigara aliyefika miaka 35. Dawa ya presha imeze kama kawaida asubuhi hiyo, isipokuwa umeelekezwa vingine. Kuiacha ili "presha ya kweli ionekane" ni hatari.

Kipimo cha presha huharibiwa na vitu vidogo sana. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai, usivute sigara. Kojoa kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo, kwa hiyo vaa blauzi na sketi badala ya gauni la kubana. Vazi hilo litakufaa pia kwenye kipimo cha umeme wa moyo; siku hiyo usipake mafuta kifuani, vibandiko havitashika. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo husomeka presha kubwa kuliko iliyopo: omba mkanda mkubwa bila aibu. Ipimwe mara 2, kwa kupishana dakika 1. Ikifika 140/90 na kujirudia siku nyingine, hiyo ni presha ya kupanda.

Sukari ya asubuhi hupimwa baada ya kukaa saa 8 bila kula, maji ruksa.

Dalili zieleze kwa kazi unazofanya. "Nilikuwa nabeba ndoo ya lita 20 hadi jikoni, sasa natua njiani mara 2" humwambia daktari mengi kuliko "nachoka". Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu hata kwa wanawake, ila kwao mara nyingi huandamana na kichefuchefu, kuishiwa pumzi, uchovu, maumivu ya taya au mgongo, na hapo ndipo mtu hupewa dawa za vidonda vya tumbo akarudishwa nyumbani. Kipimo cha umeme kilichochukuliwa umelala kikiwa kizuri, hakijafuta maumivu yanayokuja ukipanda mlima. Uliza kipimo kinachofuata.

Kwa mjamzito aliye mwezi wa mwisho, na kwa aliyejifungua ndani ya miezi 5, kushindwa kupumua akilala chali au kuamka usiku akitafuta hewa kusichukuliwe kuwa uchovu wa uzazi. Moyo unaweza kuwa umetanuka na kuishiwa nguvu. Huyo, pamoja na yeyote ambaye kifua kinambana huku akitoka jasho jembamba, asisubiri miadi wala kutafuta kadi. Aende hospitali saa hiyo hiyo, tena asiende peke yake.