Somo: Kutoka JKIA hadi mjini kwa teksi bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, kilomita kama 18 tu kutoka katikati ya Nairobi. Umbali haumponzi mgeni. Kinachomponza ni kupakia mzigo kwanza na kuuliza bei baadaye. Bei, mahali na njia vikubaliwe kabla buti haijafunguliwa.

Hatua ya 1: Ukiwa bado nyumbani. Programu za simu za kuita teksi, yaani Uber, Bolt na Little, zote zinafanya kazi Nairobi. Pakua na ujisajili mapema, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho huja kwenye laini yako ya kwenu, nayo huenda isishike ukifika. Andika pia unakoenda: mtaa, barabara, na jengo la jirani linalojulikana.

Hatua ya 2: Ukishachukua mizigo. Badilisha pesa kidogo na uombe noti ndogo. Laini ya simu utasajiliwa kwa pasipoti.

Hatua ya 3: Ukiita gari kwa simu. Dereva atapiga: "Uko wapi?" Ukimjibu "niko nje" mtazungushana, maana kuna majengo ya abiria 1A, 1B, 1C na kuendelea. Soma kibao kilicho juu yako, kisha umtajie herufi hiyo. Gari likifika, linganisha nambari zote hadi herufi ya mwisho, na umwache dereva akutajie jina lako; usimtangulie.

Akikuomba ufute safari mwelewane kando, kataa kwa upole. Najua madereva wanabanwa na kamisheni, hata baada ya kanuni za 2022 kuiwekea kikomo cha asilimia 18. Lakini ukifuta, hakuna kumbukumbu ya nani alikubeba wala wapi.

Hatua ya 4: Ukichukua teksi ya mstari wa njano. Hapa ndipo penye kazi.

– Kaka, Westlands ni pesa ngapi?
– Ingia tu, tutaelewana.

Usiingie. Mwambie: "Nitajie shilingi, pamoja na maegesho na Expressway." Fungua programu mbele yake uone nauli ya wakati huo. Yeye atakuwa juu kidogo, na si dhambi, lakini akitaja mara mbili yake, mshukuru uende kwa mwingine. Wapo wengi, tena waungwana.

Expressway isikupite kimya. Ni barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na tozo hutegemea umbali na ukubwa wa gari. Asubuhi, Mombasa Road ikiwa imejaa, kwa anayeenda Westlands inastahili kila shilingi. Anayeenda South C hana haja nayo. Wa Karen na Lang'ata wapite Southern Bypass.

Maswali ya wanachama

*Natua saa nane usiku. Ningoje kuche?*
Huna haja, teksi zipo na barabara ni nyeupe. Keti nyuma, na umtumie mwenyeji wako nambari za gari kabla hamjaondoka.

*Matatu je?*
Ipo, nambari 34, na nauli yake ni nafuu kuliko ya teksi kwa mbali. Mchana, ukiwa na begi moja, panda. Usiku na masanduku, hapana.

*Nikimlipa kwa M-Pesa na jina likatokea la mtu mwingine?*
Usithibitishe bado. Muulize. Pengine laini ni ya mwenye gari, au umekosea tarakimu moja. Msomee jina kwa sauti, akikubali ndiyo utume. Na ulipe mkiwa mmefika, hata akisema anahitaji mafuta. Hilo la mafuta lidokeze wakati wa kupatana, mkubaliane kiasi kidogo kikatwe kwenye nauli.

*Siku ya kurudi kuna la kujua?*
Ndiyo, dada. Kabla ya kufika majengo ya abiria kuna ukaguzi: abiria hushuka na kupita kwa miguu, dereva anapita na gari, mnakutana upande wa pili. Shuka na pasipoti, simu na pesa zako mkononi, na uwe umeshika nambari za gari, kwani ng'ambo ile magari meupe yanafanana. Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni ondoka mapema kuliko unavyodhani.