Kupima volti inayorusha umeme kwenye mvuke wa zebaki

Tunatafuta volti ambayo umeme huanza kuruka kwenye mwanya kati ya elektrodi mbili (vipande vya metali) ndani ya chupa yenye mvuke wa zebaki, iliyowekwa kwenye tanuri. Joto la tanuri haliamui kanieneo (msukumo) ya mvuke, inayopimwa kwa paskali (Pa). Kinachoamua ni sehemu yenye baridi kuliko zote ndani ya chupa, maana huko ndiko mvuke unakogeuka matone. Kwa hiyo chupa ya kwatsi (kioo kinachostahimili joto kali) iwe na mkia wa kuwekea zebaki, wenye hita yake. Elektrodi na vihami (vishikizi visivyopitisha umeme) viuzidi mkia joto kwa digrii 20 hadi 30 muda wote, hata wakati wa kupoza. Mkia ukiwa 100 °C, kanieneo ni takriban Pa 36; 150 °C, Pa 374; 200 °C, Pa 2,300. Karibu na 100 °C, kukosea digrii 1 ni kukosea asilimia 5, hivyo themokapo (kipimajoto cha nyaya) ifungwe ikigusa mkia.

Elektrodi ziwe za molibdeni. Shaba na fedha huliwa na zebaki. Oka chupa tupu kwenye ombwe usiku kucha, 300 °C, ndipo uingize zebaki na kuziba. Fanyia kazi kwenye kabati la kuvuta hewa, juu ya sinia: mvuke huu ni sumu na hauna harufu.

Unganisha umeme wa DC wa hadi kV 2 kupitia rezista ya MΩ 1, na volti ipimwe upande wa chupa. Bila rezista, cheche moja huyeyusha uso wa elektrodi. Ukikaribia kiwango cha umeme kuruka, pandisha volti 1 au 2 kwa sekunde. Andika volti ya mwisho kabla haijaporomoka, subiri dakika 2, rudia mara 20. Mulika elektrodi hasi kwa taa ya urujuanimno. Zikikosekana elektroni za kuanzisha, utasoma volti kubwa kuliko ya kweli.

Kinachohesabika ni msongamano wa atomu. Kwa hiyo kanieneo igeuzwe iwe ya 20 °C (kelvini 293, yaani K 293). Mkia ukiwa 150 °C na mwanya 180 °C (K 453), zidisha 374 kwa 293/453: unapata Pa 242. Hiyo izidishe kwa upana wa mwanya, ndipo uchore grafu ya volti dhidi ya jibu hilo.

Vipimo vikishuka kidogo kidogo, tazama vihami: utando wa kijivu ni zebaki iliyotua, na umeme unapita juu yake. Chupa ikiwaka kwa volti mia chache ikiwa baridi, hewa imeingia. Mvuke wa 20 °C haufiki hata Pa 0.2. Na kanieneo ikiwa ndogo mno, umeme huacha mwanya na kufuata njia ndefu nyuma ya elektrodi, kwa hiyo vika nyaya mirija ya kwatsi.