Somo: Kuatika Februari, Kupandikiza Machi, na Jalidi Bado Iko Njiani

Wengi wenu mnalala Nairobi na shamba liko juu: Limuru, Lari, Njabini, Ol Kalou. Kosa huanzia hapo, maana mtu hupima baridi ya shamba kwa sweta aliyoivaa mjini. Julai ikifika, Nairobi nzima inatetemeka na simu zinapigwa kwa kibarua afunike mboga. Lakini Julai kwa kawaida ni mwezi wa mawingu, na wingu ni blanketi. Jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha majani, hupenda Januari na Februari: mchana jua kali, usiku nyota tele na upepo umetulia. Joto la udongo na majani linapaa bila kizuizi, kisha hewa baridi, ambayo ni nzito, inalala chini. Januari 2012 ndivyo majani chai ya Kericho na Nandi yalivyobabuka, katikati ya kiangazi. Kwa hiyo ukiona siku imependeza mno, hapo ndipo pa kuwa macho.

Somo hili ni la anayetaka miche iwe tayari mvua za masika zikishika, kwa kawaida kuanzia nusu ya pili ya Machi.

1. Soma mteremko. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Shamba lililo mita 800 juu ya mtaa wako lina baridi zaidi kwa takriban digrii 5 hata kabla ya kutaja bonde. Na bonde ndilo lenye maneno. Hewa baridi hutiririka kama maji na kutuama inapozuiwa. Ua mnene upande wa chini wa shamba ni bwawa: kata matawi ya chini au acha mwanya ili hewa ipite. Viazi, maharagwe, mahindi na malenge viweke juu ya mteremko. Kabeji, sukuma wiki, karoti, vitunguu na biti vinaweza kukaa chini.

2. Pima mahali mmea ulipo. Nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku. Kifunge kwenye kijiti, sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo, mahali pa wazi. Kikining'inia ukutani chini ya mabati kitakudanganya. Jani linaweza kuwa chini ya sifuri huku kile cha ukutani kikisoma nyuzi 4. Andika kila asubuhi kwa wiki mbili, ukilinganisha na utabiri wa Idara ya Hali ya Anga. Utabiri ukisema 7 nawe unapata 2, basi siku utakayosikia 5, jiandae.

3. Kitalu, katikati ya Februari. Upana mita 1, urefu upendavyo. Changanya ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita mraba. Mistari iachane sentimita 15, mbegu ziingie kina cha sentimita 1. Simika pinde za fito au za bomba la plastiki, kimo cha sentimita 50, utandaze neti ya shamba au shuka kuukuu juu yake. Funika saa kumi na moja jioni, joto lingali udongoni. Ukingoja hadi usiku uingie utakuwa umefungia baridi ndani. Kingo zifukiwe kwa udongo pande zote, kwa sababu kinachookoa miche ni joto linalotoka chini, na upenyo mmoja unatosha kulipoteza. Ukitumia karatasi ya plastiki, isiguse majani, kwani yakigusana nayo huungua kwa baridi palepale. Fungua saa tatu asubuhi, la sivyo jua litaipika miche.

4. Zoesha miche. Siku 7 hadi 10 za mwisho, punguza maji, acha kifuniko wazi mchana kutwa, usiweke mbolea ya naitrojeni. Mche ulionawiri kwa naitrojeni ni laini na maji tele. Huo ndio wa kwanza kuanguka. Kabeji iko tayari ikiwa na majani halisi 4 au 5, baada ya wiki 4 hadi 6. Pandikiza jioni: kabeji sentimita 60 kwa 60, sukuma 60 kwa 45.

5. Viazi vina hesabu yake. Usihesabu siku ya kupanda, hesabu siku ya kuchomoza. Kiazi kilichochipua huchukua wiki 2 hadi 4 kutokeza, na udongo ukiwa baridi huchelewa zaidi. Ukipanda mwanzoni mwa Machi (mistari iachane sentimita 75, mbegu sentimita 30, kina sentimita 10), majani hutoka wakati mawingu yameanza kurudi. Anayepanda viazi aina ya Shangi mapema Februari kwa kunyunyizia maji, akiwinda bei ya Mei, anacheza kamari, na acheze akijua. Machipukizi yakiwa mafupi na usiku unatisha, yafukie yote kwa udongo wa tuta. Yatatoka tena.

6. Usiku wenyewe. Saa kumi na mbili jioni: anga safi, moshi wa jikoni unapanda wima, hewa kavu. Hiyo ndiyo. Kama dalili zilionekana mapema, udongo uwe umemwagiliwa kabla ya adhuhuri, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto la mchana kuliko mkavu. Nyasi za kutandaza zisogeze kando, zinalizuia joto lisipande. Mche mmoja mmoja uvike dumu la lita 5 lililokatwa kitako. Baridi hufika kilele karibu na kuchomoza jua, basi usifunue mapema.

Maswali ya wanachama

*Kasarani, shamba Njabini: Mwalimu, kibarua wangu huwasha moto wa majani mabichi pembeni ili moshi ufunike shamba. Niendelee kumlipa?*
Mlipe kwa kazi nyingine. Chembe za moshi ni ndogo mno kulizuia joto linalopaa, na asubuhi moshi huo huo unalizuia jua.

*Ruaka, shamba Lari: Je, kumwagia majani maji alfajiri ili kuosha jalidi?*
Jani likishaganda ndani, chembe zake zimepasuka, kuliosha hakuzishoni. Kunyunyizia husaidia pale tu maji yanapoanza kabla ya sifuri na kuendelea bila kukatika hadi barafu yote iyeyuke, kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto. Pampu ikizimika saa kumi usiku, hali inakuwa mbaya kuliko ya jirani asiyefanya lolote.

*Umoja: Mwalimu, viazi vimegeuka vyeusi kama vilivyochemshwa. Tung'oe tupande upya?*
Mama, subiri siku 10. Kilichokufa ni majani. Macho yaliyo chini ya udongo huchipua. Usikate sasa, usimwage naitrojeni. Machipukizi mapya yakija na mvua, anza mapema kinga ya baka jani, ugonjwa unaoozesha majani ya viazi. Mavuno yatapungua na kuchelewa. Mahindi yenye majani chini ya matano nayo huinuka hivyo hivyo, kwa kuwa kilele cha ukuaji bado kiko chini ya udongo.

*Rongai, shamba Kinangop: Nyanya ndani ya grinihausi ziko salama?*
Si kwa plastiki peke yake. Usiku mtulivu, plastiki hukuongezea digrii moja au mbili tu. Panga mitungi myeusi ya lita 20 iliyojaa maji kati ya mistari, ipate jua mchana, na ufunge pazia za pembeni kabla jua halijatua.

*Kahawa West: Minji yangu ni ya kijani kabisa lakini haizai.*
Majani ya minji huvumilia jalidi nyepesi, maua hayavumilii. Sogeza tarehe ya kupanda ili ichanue Aprili.