Tazama mwezi kabla ya kupakia mashua

Ndugu mnaosafiri kwa tanga kutoka Mwanza kwenda visiwa vya Ziwa Victoria, kabla ya kupanga mtanunua wapi mahitaji, angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, wengi hurudi makwao, na vibanda vya duka kwenye kambi zao visiwani huenda mkavikuta vimefungwa au vimebaki na chumvi na viberiti tu. Siku hizo pakieni unga, mchele na mafuta ya kupikia mapema, Kirumba jijini Mwanza au Nansio kisiwani Ukerewe. Wakati wa giza kambi huchangamka, na hata vocha mtapata.

Ondokeni alfajiri, upepo ukitoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka na kusukuma mashua ufukweni. Vighuba vidogo vya kuegesha mashua navyo hubadilika: upepo mmoja tu huweza kuvijaza magugu maji, mkashindwa kutoka. Muulizeni mvuvi kwanza.

Na tafadhali sana, msichote maji ya kunywa wala kuoga kwenye matete, kichocho kipo. Maji ya kunywa yachemsheni, hata kama yanaonekana safi.